Mtegaji Aliyekatwa Pichani

Pale kazini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Bi Mkasi, na jina hilo alikuja nalo kutoka studio ya mjomba wake, ambako tangu akiwa na miaka kumi na miwili alikuwa anakata picha za paspoti. Mjomba alipiga, yeye akakata. Masikio yote mawili yaonekane, mabega yaishie pale, juu ya kichwa ibaki nafasi ya kidole kimoja. Akikosea, mteja anarudishwa huko alikopeleka picha, na mjomba hasemi neno, anamtazama tu. Bi Mkasi alisema macho yale yalikuwa mabaya kuliko kuchapwa.

Alipoajiriwa kwenye kituo cha utafiti wa wanyama wadogo alikuwa na miaka thelathini na minne, hajaolewa, anaishi na mama yake kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya gereji. Siku mama aliposikia kazi yenyewe alicheka mpaka akajifuta machozi na upande wa kanga.

"Watu wananunua sumu ya panya, mwanangu anakwenda kuwapiga picha. Utawapaka na poda?"

"Nikiambiwa niwapake, nitawapaka, mama."

Kituo kilikuwa kinaandaa kitabu kikubwa cha wanyama wadogo wote wa msitu ule na mabonde yake: panya wa porini, kindi, pimbi, komba, kalunguyeye, kirukanjia, na sange, yule mwenye pua ndefu inayochezacheza kama mrija. Mkuu wa kituo, mwanamke wa makamo ambaye wote walimwita Daktari, alitaka kila mnyama apewe ukurasa wake na picha moja isiyo na dosari. Kupiga na kukata, yote yalikuwa ya Bi Mkasi. Akapewa chumba mwisho wa ukumbi chenye dirisha lililobandikwa karatasi nyeusi, kompyuta, taa mbili, na kisanduku cha kioo kisichozidi urefu wa mkono. Ndani ya kioo aliweka udongo na majani makavu, au kipande cha gogo, au mawe, kutegemea anayeletwa siku hiyo anaishi wapi.

Aliyewaleta ni mtegaji. Alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, miguu ya suruali ameichomeka ndani ya soksi, anatembea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Masanduku yake ya bati yalikuwa na mlango unaojifunga wenyewe, na chambo ndani kilikuwa karanga za kusaga zilizochanganywa na shayiri. Kila alfajiri aliyazungukia yote. Aliyenaswa humtia kwenye mfuko wa kitambaa, humpima uzito, humleta chumba cha picha, na kabla ya saa nne asubuhi amekwisha kumrudisha pale pale alipomtoa. Ukimchelewesha anaanza kusimama mara mguu huu, mara mguu ule.

"Fanya fanya, Bi Mkasi. Huyu ana watoto. Nimeyaona maziwa."

Kwa miaka kumi na mmoja hao wawili walifanya kazi hivyo, kichwa kwa kichwa juu ya kisanduku cha kioo. Yeye mtegaji ndiye aliyejua namna ya kumtuliza mnyama. Aliingiza mkono polepole, akauacha umelala kwenye majani, mpaka mnyama akauzoea akauona kama kitu cha kawaida. Halafu akakwaruza jani kwa ukucha, krr, krr, na masikio ya mnyama yakasimama, macho yakang'aa. Hapo ndipo Bi Mkasi alipobonyeza.

"Kaka, toa mkono, unaingia pichani."

"Huu si wangu. Mkono huu ni mali ya kituo."

"Basi toa mali ya kituo."

Na kama mkono haukutoka kwa wakati, haikuwa shida. Mkasi ulikuwepo.

Kwa kukata alikuwa hodari kweli. Alisema mnyama mdogo hapigwi kutoka juu kama unavyomwangalia mende. Unashuka mpaka lenzi iwe usawa wa jicho lake, ndipo anakuwa mtu mzima. Kisha unakuja kwenye kompyuta na kuanza kupunguza. Mbele ya pua unaacha nafasi kubwa kuliko nyuma, la sivyo mnyama anaonekana amegonga ukuta. Mkia ama uwemo wote, ama ukatwe mahali ambapo mtazamaji hatakuwa na shaka kwamba umekusudia. Sharubu haziguswi. Jani lenye rangi kali pembeni linaiba macho, liondoke. Kivuli kisicho cha mnyama, kiondoke. Aliweza kukaa nusu saa akisogeza ukingo mmoja wa picha ya panya, ndani kidogo, nje kidogo, mpaka kitu fulani kifuani mwake kikatulia. Hapo alijua.

Mwaka wa nane diski za kituo zilijaa. Daktari akapita chumbani na daftari lake.

"Tubaki na zilizokatwa tu. Hizi nzima nzima za kazi gani?"

"Hazina kazi," Bi Mkasi alijibu, na alikuwa anasema alichoamini. Akafuta kwa siku tatu, kisha tangu hapo akawa anafuta kila Ijumaa kabla ya kutoka, picha nzima zote, na zilizoharibika zote. Alikumbuka baadaye kwamba aliifanya kazi ile kwa raha, kama mtu anayefagia ua.

Mtegaji alianza kukohoa mwanzo wa kiangazi. Akasema ni vumbi la majani. Alilazwa Jumatatu, na Alhamisi hayupo. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Kituo kizima kilikwenda kumzika, na Bi Mkasi alisimama nyuma na wenzake wa ofisini, amejifunga kitambaa cheusi, akalia kwa haki. Juu ya jeneza hapakuwa na picha. Yeye, ambaye maisha yake yote yalikuwa picha, hakuliona hilo.

Miezi miwili ikapita. Siku moja asubuhi mlango wa chumba cha picha ukabishwa hodi, akaingia mke wa marehemu. Walikuwa wanajuana kwa salamu. Kwa kuwa mtegaji alikuwa kaka, huyu alikuwa wifi. Alikuwa mshonaji, na uzi mweupe ulikuwa umemganda begani bila yeye kujua.

"Wifi, nimekuja kukuomba jambo dogo."

"Kaa kwanza."

Akakaa ukingoni mwa kiti. Alieleza kwamba mvua kubwa za mwaka wa nyuma ziliingiza maji chumbani mwao na kulowesha sanduku la chini ya kitanda. Albamu ilishikana ikawa kama tofali. Walijaribu kuianika, wakajaribu kuzibandua kurasa kwa kisu, zikatoka nyuso zimechunika. Kitambulisho cha mume wake kilikuwa na picha iliyofifia mpaka huwezi kujua ni yeye au ni ndugu yake. Simu yake haikuwa ya picha. Mtoto wao wa mwisho alikuwa na miaka minne, na juzi alikuwa ameuliza baba alikuwa na ndevu au hakuwa nazo.

"Nikajiambia, kwani nahangaika nini? Mtu amefanya kazi na mpiga picha miaka kumi na mmoja. Moja tu, wifi. Hata ndogo."

Bi Mkasi alicheka kidogo kwa faraja, maana jambo lilikuwa jepesi mno.

"Moja? Njoo Ijumaa. Utachagua mwenyewe mpaka uchoke."

Alianza kutafuta mchana ule ule. Alifungua folda ya pimbi, ya kindi, ya panya wa porini aina kwa aina. Wanyama walimwangalia kutoka kwenye kioo cha kompyuta, macho yanang'aa, sharubu zimenyooka, kila mmoja amekaa mahali pake, na nafasi nzuri mbele ya pua. Alhamisi alikuwa amemaliza. Katika picha elfu tatu na zaidi, mtegaji alikuwemo mara arobaini na saba. Ukucha. Fundo la kidole. Kipande cha mkono wa shati la kaki. Mara moja, kwenye ukungu wa nyuma ya kalunguyeye, doa la rangi ambalo yeye peke yake angeweza kujua ni goti. Uso haukuwepo hata mmoja.

Ijumaa wifi alikuja amevaa gauni lake zuri. Bi Mkasi alikuwa amepanga maneno tangu alfajiri, na yote yakamtoka kichwani. Akamwonyesha tu vile vipande, kimoja baada ya kingine. Mwanamke yule alisogea karibu na kioo. Kwenye picha ya tano alinyoosha kidole.

"Hicho ni kidole gumba chake. Kovu hilo ni mlango wa bati, ulimbana mwaka tuliohamia. Nilimfunga mimi." Akasubiri. "Haya, na uso?"

"Hakuna uso."

"Hakuna vipi?"

"Niliukata, wifi. Yaani... kila alipoingia, nilimtoa. Kazi ilitaka mnyama peke yake. Na zile picha nzima tulizifuta, diski zilijaa."

Taa moja ilikuwa inalia kama mbu.

"Miaka kumi na mmoja," mjane akasema, bila kupandisha sauti. "Hata siku moja hukumwangalia?"

"Nilikuwa namwangalia kila siku."

"Ulikuwa unamwangalia kama nini?"

Mwanamke akainuka, akakunja vizuri ile bahasha aliyokuja nayo ya kubebea picha, akairudisha kwenye mkoba. Alipofika mlangoni alisema, "Haya, dada, nashukuru kwa muda wako." Ile dada ilimchoma kuliko lawama yoyote, kwa sababu tangu wajuane hakuwahi kumwita hivyo.

Jumamosi na Jumapili hakula chakula cha maana. Mama yake alimtazama anavyozungusha kijiko kwenye kikombe.

"Umemfanya nini mtu?"

Akamweleza yote. Kwa mara ya kwanza mama hakufanya mzaha wowote juu ya panya.

"Mimi sijui mambo ya kompyuta," alisema mwishowe. "Lakini mtu aliyetembea mahali miaka yote hiyo, haiwezekani asiwe ameonwa na mwingine. Waulize wenzako. Usikae hapa unanizungushia kijiko."

Jumatatu aliuliza. Dereva alikuwa na picha moja ya gari, na nyuma ya gari mgongo wa mtu. Mhudumu wa chai hakuwa nayo. Saa ya chai alisimama kwenye ukumbi akimweleza mhasibu habari ile, na mlango wa chumba cha takwimu ulikuwa wazi. Mtu wa takwimu alikuwa bwana mnene asiyependa kusumbuliwa, kazi yake kuhesabu wanyama kwenye kompyuta tangu asubuhi mpaka jioni. Bila kugeuka akasema:

"Mnamtafuta mtegaji? Huyo ninaye mpaka nimemchoka."

Bi Mkasi aliingia na kikombe mkononi. Kumbe ilikuwa hivi. Mbali na masanduku ya bati, kituo kilifunga kamera ndogo kwenye vigogo vya miti, zile zinazojiwasha zenyewe kitu kikipita mbele yake. Hazikuwa kamera za Bi Mkasi. Alizidharau, picha zake zilikuwa mbovu, za mkia unaotoroka na nusu ya sikio. Zilikuwa za kuhesabia. Na aliyezifunga, aliyezibadilisha betri, aliyefuta buibui kwenye lenzi, ni mtegaji. Kila alipozikaribia zilimpiga. Mtu wa takwimu aliziwekea alama ya "mtu" na kuziweka kwenye folda ya pembeni zisimharibie hesabu. Kuzifuta hakukuruhusiwa, utaratibu wa takwimu ulikataza.

"Zipo ngapi?"

Akabonyeza. "Elfu moja mia mbili na kidogo. Kaa hapo, usimwage chai."

Alikuwepo. Paji la uso peke yake, limejaa kioo kizima. Jicho moja na nusu ya pua, anachungulia kuona kama taa ya kamera inawaka. Kidevu chenye ndevu fupi zilizoanza mvi, kwa hiyo jibu la mtoto lilikuwa ndiyo. Anapiga miayo. Anajikuna. Amevua kofia na kuitia majani mawili ndani, haijulikani kwa nini. Halafu kukaja mfululizo ambao ulimfanya Bi Mkasi aweke kikombe chini. Ili kupima kama kamera imefungwa usawa wa mnyama mdogo, mtegaji alikuwa anarudi nyuma hatua kumi, anashuka chini, na kupita mbele ya lenzi kwa mikono na magoti. Mtu mzima, suruali ndani ya soksi, anatambaa kwenye majani kama sungura mkubwa, anageuza uso kuangalia kama taa nyekundu imewaka. Alifanya hivyo kwa kila kamera, kila alipoihamisha, miaka yote.

"Mimi hizo ndizo zilikuwa zinanichekesha," mtu wa takwimu alisema. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Bi Mkasi hakumpigia simu mjane. Alikwenda mwenyewe. Alimkuta kwenye kibaraza cha nyumba, mguu kwenye pedali ya cherehani, mashati ya sare za shule yamemzunguka. Akamwomba aje tena kituoni mara moja ya mwisho, na kama hataridhika asimsalimie tena. Mwanamke alimalizia mshono aliokuwa nao mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, akasimama.

Safari hii walikaa chumba cha takwimu, wanawake wawili na yule bwana mnene nyuma yao. Picha zikapita. Kwenye paji la uso na kwenye miayo mjane alishika mdomo. Zilipofika za kutambaa, aliinama mbele.

"Anafanya nini huyu?"

"Anajifanya mnyama. Ili kamera iwe sawa."

"Ndiyo maana magoti." Akacheka, na machozi yakamshuka hapo hapo katikati ya kicheko. "Kila wiki nashona viraka vya magoti. Namuuliza wewe mtu, unapiga magoti wapi? Ananijibu, kazini. Nikajua ananificha kitu."

Walichagua moja. Mtegaji yuko chini, mkono mmoja mbele, ameinua uso moja kwa moja kwenye lenzi na karibu atabasamu. Nyuma yake msitu umejaa mwanga wa asubuhi. Bi Mkasi alikwenda nayo chumbani kwake, mjane akamfuata. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba hii haitaguswa. Ingetoka nzima kama ilivyo, majani yote, mti wote, mikono yote.

"Nitakutolea kubwa, yote kama ilivyo," alisema. "Hakuna nitakachokata."

Mjane aliiangalia kwa muda.

"Kata."

"Wifi, mimi..."

"Huo msitu wa nini kwangu? Msitu umekaa naye vya kutosha. Mtoto anataka uso. Wewe si ndiye unayejua? Kata vizuri."

Alishika kipanya. Alianza kuvuta ukingo wa kushoto. Mti ukatoka. Akavuta wa chini, na majani yakatoka, kisha mkono ule wa kutambaa, wenye kovu la gumba. Alisimama hapo. Akauliza kama mkono ubaki. Mjane akasema hapana, mtoto atauliza kwa nini baba anatambaa, na yeye bado hajui atamjibu nini. Basi na mkono ukatoka. Zikabaki mabega, shingo, ndevu zenye mvi, macho. Bi Mkasi aliacha nafasi kidogo upande ule ambao macho yalikuwa yanatazama. Alisogeza ukingo wa juu ndani kidogo, nje kidogo, na safari hii kile kitu cha kifuani hakikutulia, akabaki anasogeza tu mpaka mwanamke akamgusa bega.

"Inatosha, wifi. Ni yeye."

Kuhusu kitabu, Bi Mkasi aliomba baadhi ya vidole vile vibaki. Daktari alikataa kwanza, akasema kitabu ni cha wanyama. Bi Mkasi hakuzungumzia marehemu. Alizungumzia kazi. Alichukua picha ya kirukanjia, mnyama ambaye ukimwona peke yake kwenye majani hujui kama ni mdogo au mkubwa kama paka. Kando yake akaweka ile ambayo sharubu za kirukanjia zimelala juu ya ukucha wa mtu, picha aliyowahi kuiona mbovu kwa sababu hakuweza kukata kidole bila kukata sharubu. Daktari aliziangalia zote mbili kwa zamu.

"Hii," akasema. "Hapa ndipo namwona udogo wake." Kisha akaandika kwa mkono wake mwenyewe, chini ya picha, kidole ni cha nani na alifanya kazi gani.

Folda ile ya pembeni Bi Mkasi aliomba nakala yake, na kwa majuma mengi alikuwa anaipitia saa ya chakula cha mchana, mlango umefungwa. Hakuwa anatafuta ya kuchapisha. Ipo moja, ya mwaka wa tisa, ambamo mtegaji amechuchumaa mbele ya kamera na kuiangalia uso kwa uso, midomo imefunguka nusu. Anaiambia kitu. Katika picha zilizoitangulia na zilizoifuata hakuna mtu mwingine, ni majani tu. Aliwaita dereva, mtu wa takwimu, hata Daktari, waisome ile midomo. Mmoja alisema anahesabu. Mwingine alisema anaimba. Alipomwonyesha mjane, alitikisa kichwa, akasema nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache, hata yeye hajui huko msituni alikuwa anazungumza nini.